"Call off" si kupiga simu

Jumatatu nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Morogoro, amemaliza chuo mwaka jana. Kwenye usaili wa kazi aliulizwa: "How do you put up with difficult customers?" Akajibu kwa kujiamini kwamba yeye wateja wote huwaweka juu, maana mteja ni mfalme. Wakacheka, naye akacheka akidhani wamempenda. Kazi hakuipata. Sasa ananiuliza: "Kaka, hivi vidudu vya put, put, put nitavimaliza lini?"

Mdogo wangu, kaa nikusimulie ya kwangu. Yako ni ndogo.

Nilianzia kazi mapokezi, kwenye nyumba moja ya wageni pale Arusha. Nilikuwa na B ya Kiingereza ya Kidato cha Sita, na B ile nilitembea nayo kama medali. Wiki ya kwanza mgeni akaandika kutoka Uingereza: "Do you offer airport pickup?" Nikamjibu kwa adabu zote kwamba hapana, pikapu hatuna, ila tuna Noah. Hakujibu tena. Kumbe alikuwa anauliza kama tunakwenda kupokea wageni uwanja wa ndege, jambo ambalo tulilifanya kila siku, kwa Noah hiyohiyo.

Hilo lilipita kwa kicheko. La pili halikupita.

Kulikuwa na kundi la watu wanane waliokuwa waje kupanda Mlima Meru. Siku mbili kabla, barua pepe ikaingia: "Sorry, we've had to call off the trip." Nikaisoma kama mara tatu. Call nilikuwa naijua tangu darasa la tatu, ni kupiga simu. Off ni ile ya kwenye swichi. Trip ni safari. Nikaunga: wamelazimika kupiga simu wakiwa safarini, simu yetu ilikuwa imezimwa, wanaomba radhi. Nikaandika: "No problem, we are waiting for your call." Hapo nikajiona mtu wa huduma bora.

Siku ya siku mama wa jikoni akakaanga kuku wanane. Mimi na dereva tukaenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, kilomita kama 50, kupokea ndege ya usiku ya kutoka Amsterdam. Nilishika kibao nilichokiandika mwenyewe kwa kalamu nene. Abiria wakatoka, wakapokewa, wakaisha. Mlinzi akaniuliza, "Bado unasubiri?" Nikamwambia bado, wazungu huchelewa kwenye mizigo. Saa sita na nusu usiku taa za upande ule zilizimwa nikiwa na kibao changu kifuani.

Asubuhi bosi alifungua barua pepe ile mbele ya wafanyakazi wote, akanisomesha kwa sauti, kisha akauliza, "Hiyo B walikupa au ulinunua?" Nusu ya mshahara wangu ilikatwa. Kuku tulikula siku mbili. Yamepita miaka kadhaa na bado kuku wa kukaanga nikimwona sahanini nasikia sauti ile.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia, ni kujifunza tu. Leo ninasimamia bookings za kampuni nyingine, wageni wa London na Sydney wananiandikia mimi, na wengine huniuliza nilisoma Uingereza chuo gani. Nacheka. Nilisomea palepale mapokezi.

Siri yangu ni daftari. Lakini kabla ya daftari kuna jambo nililotakiwa kuambiwa shuleni na sikuambiwa. Kiswahili hubadilisha maana kwenye mkia wa kitenzi. Funga, fungua. Ziba, zibua. Piga, pigia, pigana. Mtoto wa Tanga hafundishwi hayo, anayanyonya. Mwingereza naye ana mikia, ila ameiweka nje ya kitenzi: up, off, out, down. Sisi tukiona maneno mawili tunatafsiri moja moja, wakati ni kitenzi kimoja chenye mkia uliokaa pembeni. Call off ni kughairi. Put off ni kuahirisha. Look after ni kutunza, na look into ni kuchunguza. Ukitafsiri look peke yake umeachwa na basi.

Na tusiwacheke Waingereza. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuta piga pasi, piga magoti, piga chafya, piga kura, anadhani sisi ni watu wa ngumi.

Kwa nini shule haikutupa haya? Shule ilitupa Kiingereza cha vitabu. Baada ya mwaka 1066, watawala waliotoka Normandy walikaa Uingereza wakiongea Kifaransa chao, na ofisi na kanisa zikitumia Kilatini. Huko ndiko yalikotoka maneno kama cancel, postpone, tolerate na investigate, ambayo ni rahisi kuyapanga kwenye mtihani. Watu wa kawaida waliendelea na vijineno vyao vifupi, na hivyo ndivyo vinavyosikika nyumbani na kwenye simu. Ndiyo maana sisi mkutano "tuna-postpone", wenzetu wana-put off.

Basi, daftari. Usipange kwa kitenzi, panga kwa mkia. Ukurasa wa up: eat up, use up, fill up, kila kimoja kina harufu ya kumaliza au kujaza. Ukurasa wa off: turn off, drop off, log off, kitu kinakatika au kinaachana na kingine. Usiiamini sana hesabu hii, maana kengele ikilia wanasema it went off, na maziwa yakichacha nayo yame-go off. Hayo yaandike kwa sentensi nzima uliyoisikia, pamoja na aliyeisema. Daftari, mdogo wangu.

Kingine: kwa vitenzi kama turn off na pick up, ukitumia it au me, iingize katikati (look after, look into na put up with havikubali kukatwa, ni look after me). Turn it off, pick me up. Wewe mwenyewe unasema "nitaizima", hiyo i umeibana katikati bila kufundishwa na mtu.

Tukirudi kwenye pikapu yangu. Kitenzi kikigeuka jina, wao hukiunganisha na kuhamisha mkazo wa sauti mbele: to pick up, mkazo uko kwenye up, a pickup, mkazo uko kwenye pick. Check out na checkout vivyo hivyo. Na majina yakipangwa foleni, bwana mkubwa ni wa mwisho. Guest house ni nyumba. House guest ni mtu. Kwetu bwana anatangulia, nyumba ya wageni, kwa hiyo Kiingereza hicho kisome kinyumenyume na kila hatua tia kiunganishi chako. Airport pickup service fee: ada ya huduma ya kupokewa uwanja wa ndege. Umeanzia mkiani, umefika kichwani, hakuna kilichopotea.

Sasa niseme ukweli unaouma. Vijana wengi mnataka kazi za kuongea na dunia, lakini mnajifunza maneno makubwa ya kuwatisha wenzenu kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anaandika "I wish to commence" halafu mteja akimwambia "hang on" anakata simu. Hang on ni subiri kidogo! Umemkatia mteja aliyekuomba usubiri. Jifunzeni vidogo. Fungueni daftari, andikeni vidogo, kesho tena vidogo. Mimi sikuwa na kozi wala mjomba wa Ulaya.

Lile swali lako la usaili nimelijibu kwenye ujumbe, lakini nalirudia hapa kwa faida ya wengine. Put up with ni kuvumilia kero bila kuipenda. Mfano: "I put up with that boss for two years." Mfano huo uandike kwenye daftari lako, ila kwenye usaili tunga wa kwako.