Usiache Upande wa Pili: Kwa Anayenakili Santuri za Jazz za Kanda ya Ziwa

Mzee mmoja jirani yetu hapa Kondele, Kisumu, aliniazima katoni ya santuri. Zilikuwa sahani ndogo za inchi 7, zile za kasi ya mizunguko 45 kwa dakika, nyingi za bendi za Victoria Jazz na Shirati Jazz, na chache ambazo lebo zake zilikwanguka hata hazisomeki. Jumapili moja nilikuwa nimepata gramafoni ya mtumba pale soko la Kibuye, na hamu ilikuwa imenipanda. Kwa wikiendi mbili nikanakili katoni nzima kwenye kompyuta. Ili nimalize upesi, kila sahani niliicheza upande wa A tu. Upande wa B ulikuwa na jina lilelile la wimbo, nikadhani ni marudio. Nikazirudisha.

Nilipompelekea mzee flashi yake, katoni ilikuwa imeshauzwa na mjukuu kwa mnunuzi mpita njia. Tukakaa barazani, nikamwashia wimbo wa kwanza. Alisikiliza akitikisa kichwa kidogo, waimbaji wakaimba beti zao, gita likaanza kupanda, kisha kimya. Akangoja. Wimbo wa pili, vivyo hivyo. Akaniambia, "Mwanangu, umeniletea salamu za mgeni, mgeni mwenyewe umemwacha mlangoni."

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo: cheza pande zote mbili. Wanamuziki wa huku waliziita bendi zao Jazz bila kumaanisha muziki wa Marekani. Walimaanisha bendi ya magita ya kuchezesha watu. Wengi wao walipiga benga, muziki wa magita wa Wajaluo, na wimbo wa benga una mwendo wake. Kwanza huja maneno: kumsifu mtu, kulalamikia mapenzi, kulilia marehemu. Kisha sauti hunyamaza, gita la solo hushika usukani, besi inalijibu, mwendo unakolea. Wenyewe huita klaimaksi. Sahani ya 45 hubeba dakika chache tu kwa kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati na lebo ikaandikwa sehemu ya 1 na sehemu ya 2. Klaimaksi mara nyingi iko B, na ndiyo watu waliyokuwa wakiingojea ukumbini. Anayeweka A peke yake amehifadhi utangulizi.

Ukishanakili, hifadhi kila upande kama ulivyotoka, halafu tengeneza nakala nyingine yenye pande zote mbili zimeunganishwa. Usiguse ile ya kwanza. Kuna siku utajifunza kuunga vizuri zaidi, na utaihitaji.

Sasa majina. Hapa ndipo nilipopotea kwa muda mrefu. Ukiona Victoria A Kings, Victoria B Kings au Victoria C Kings usidhani ni bendi tofauti. Ni kundi moja la Ochieng Nelly na Collela Mazee, wale wale wa Victoria Jazz, likitoa sahani kwa majina mengi. Mji ulioandikwa kwenye lebo nao usikudanganye. Chandarana, mtoaji wa santuri, alikuwa na duka lake Kericho, lakini alirekodi Wakipsigis, Wajaluo, Waluhya na Wakisii. Na Shirati yenyewe iko Tanzania, upande alikotoka D.O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, ingawa bendi yake tunaihesabu kuwa yetu na yeye alifariki huku Kisumu mwaka 2006. Zaidi ya lebo, mwamini sikio lako: mpiga solo ana mkono wake, kama mtu alivyo na mwandiko.

Piga picha lebo za pande zote. Nakili pia namba iliyochorwa kwenye plastiki karibu na lebo, pale mistari inapoishia. Lebo ikichanika, namba hiyo hubaki, na ndiyo inayoweza kukudokeza kwamba sahani mbili zisizo na majina ni za kikao kimoja cha kurekodi.

Kuhusu kusafisha sitasema mengi. Maji safi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mzunguko wa mistari, lebo isilowe. Ila tahadhari moja: zile sahani nzito za kasi ya 78 zinazovunjika kama kigae usizipake spiriti kabisa, maana spiriti huyeyusha sheleki, ile gundi ya wadudu zilizotengenezewa. Tena zinataka sindano yake pana. Ya 45 itazama hadi sakafu ya mfereji na kukuletea mkwaruzo mtupu. Joto la hapa Kisumu unalijua: sahani zisimame wima kivulini, zisilaliane, wala zisiachwe ndani ya gari.

Nakili kwa faili ya WAV, isiyobana sauti, biti 24. MP3, inayobana sauti, ni ya kuwatumia watu kwenye simu, si ya kuhifadhi. Sahani nyingi za enzi ile ni za mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, kwa hiyo zichanganye pande hizo ziwe moja. Utashangaa vumbi linavyopungua bila kugusa kitu kingine. Programu za kuondoa kelele nazo nakuomba uzitumie kwa mkono mwepesi. Niliwahi kusafisha wimbo mmoja mpaka ukawa kimya kama kaburi, nikagundua matoazi yamekwenda na kelele, na solo limepoteza ule ukali unaolifanya likumbushe nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Afadhali ukoko kidogo na wali uliokamilika.

Kabla ya kuweka chochote mtandaoni, watafute wenye nyimbo. Kwa sheria ya Kenya, haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, lakini haki ya mtunzi hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sahani ya 1972 inaweza kuwa huru kama rekodi huku wimbo wenyewe ukiwa bado mali ya wajane na watoto. Wengi wao wako vijijini huku huku Nyanza. Nenda na nakala ya zawadi mkononi.

Na ukienda, washa kinasa sauti cha simu na ucheze nyimbo. Lebo nyingi hutaja kiongozi wa bendi tu. Mpiga besi, mpiga gita la rizimu, mpiga ngoma, hao wamebaki katika vichwa vya watu wenye umri wa mzee wangu. Mwaka uliofuata nilibahatika kupata sokoni sahani moja kati ya zile zilizouzwa, nikamchezea upande wa B. Solo lilipoingia aliinua mkono ninyamaze. Akataja aliyekuwa akilipiga, akataja wa besi, akasema wa rizimu alikuwa fundi cherehani na alifika studio na tepu ya kupimia shingoni. Nikaandika yote nyuma ya jalada.