Muulize Fundi: Nakili Kanda Pamoja na Kufuli Lake

SWALI: Fundi, shikamoo. Marehemu baba alituachia kompyuta ya ZX Spectrum pamoja na sanduku la kaseti za michezo, nyingi za dukani. Mdogo wangu anataka tuunganishe redio mbili tuzihamishie kwenye kanda mpya. Binamu yetu anasema tusijisumbue, michezo yote ipo kwenye intaneti na kinga zake za kuzuia kunakili zimeshavunjwa. Nilipojaribu kupakia mmoja, milia ya rangi ilikimbia pembeni mwa skrini, kisha yakatokea maandishi "R Tape loading error". Tufanyeje? Na sheria ya huku inaturuhusu? — S., Leicester

JIBU: Marahaba, dada. Mungu amrehemu mzee. Kabla ya yote, acheni kuzipigapiga hizo kaseti kwenye redio ambayo haijasafishwa. Kanda ya miaka ya 1980 iliyoanza kuchakaa haikupi nafasi nyingi za kujaribu.

Mdogo wako ana nia njema, lakini njia yake ndiyo hasa waliyopania kuizuia watengenezaji wa michezo. Spectrum haiisikilizi kaseti kama sisi tunavyosikiliza muziki. Inapima muda. Biti ya sifuri huchukua karibu nusu ya elfu moja ya sekunde, biti ya moja huchukua mara mbili yake, na kichakataji chake cha Z80 hukaa kikihesabu tofauti hiyo kwa dakika kama tano hadi kumbukumbu ya kilobaiti 48 ijae. Redio moja ikivuta kanda polepole kidogo na nyingine ikaharakisha, vipimo vinaanza kuyumba. Mfumo wa kawaida wa Sinclair, kampuni iliyotengeneza Spectrum, ulivumilia hayo, ndiyo maana mwanzoni watoto wa shule walikopiana bila shida. Kuanzia mwaka 1984 hivi kampuni nyingi zikaachana na mfumo huo, zikaja na vipakiaji vyao wenyewe, yaani programu za kuusoma mchezo kutoka kwenye kanda: milio mifupi zaidi, kasi kubwa zaidi, nafasi ndogo ya kukosea. Ukisikia mlio wa mwanzo unakatika-katika badala ya kutiririka, basi mkononi unayo Speedlock, mojawapo ya vipakiaji hivyo vyenye kinga. Hiyo ilikuwa kazi ya ustadi kwelikweli. Msimbo wake umefichwa, na hujifungua wenyewe hatua kwa hatua wakati wa kupakia, ili mtu mwenye programu ya kunakilia asipate pa kushika.

Binamu naye ana ukweli nusu. Waliovunja kinga wameokoa michezo mingi ambayo leo isingekuwepo, na nawashukuru. Ila nakala iliyovunjwa si kaseti ya baba yenu. Mvunjaji hukiondoa kipakiaji, mara nyingine na picha ya mwanzo, na asipokuwa makini huacha kasoro inayojitokeza katikati ya mchezo. Na kufuli lenyewe liliandikwa na mtu, usiku na mchana, akishindana na mashine dhaifu. Ni sehemu ya kazi. Mimi nashikilia kwamba nakala ya akiba inapaswa kuchukuliwa na kufuli lake, kama ilivyotoka kiwandani. Anayetaka kulifungua atalifungua baadaye kwenye nakala, si kwenye asili.

Sasa kazi yenyewe. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti ya isopropili, kiache kikauke. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo inayokilaza au kukiinua. Weka kanda, icheze kwa spika, na uzungushe skrubu hiyo taratibu sana kwa bisibisi ya nyota huku ukisikiliza. Mlio ukiwa mzito na kama umefunikwa blanketi, bado. Ukiwa mkali, unaochoma sikio, simama hapo. Nadhani kosa lako la "R" limetokana na hilo, maana kanda imesomwa kwa mshazari. Kila kaseti iliandikwa kwa mashine tofauti, kwa hiyo uwe tayari kurudia.

Kisha chomeka waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta yako ya leo, zima Dolby (kipunguza mvumo wa kanda), na urekodi kwa mkondo mmoja (mono), sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, faili la WAV. Usitumie MP3 hata kidogo. MP3 hutupa yale ambayo sikio la mtu halitambui yakikosekana, na Spectrum inayahitaji hayohayo. Angalia pia sauti isipande mpaka vilele vya mawimbi vikakatika. Rekodi upande A na upande B, kwani mara nyingi programu ileile imeandikwa pande zote mbili, na upande mmoja ukiharibika wa pili unakuokoa.

Faili hilo la WAV ndilo nakala yako ya msingi, lisifutwe. Kutoka hapo tengeneza faili la TZX, si TAP. TAP huhifadhi mafungu ya data ya kawaida tu, TZX huandika urefu wa milio, kwa hiyo Speedlock na wenzake wanaingia wazima. Lijaribu kwenye programu inayoigiza Spectrum. Fungu la kawaida lina baiti ya mwisho ya kuhakiki, na ikilingana na hesabu ya baiti zilizotangulia, umelipata kamili.

Msitupe makaratasi wala vijikorokoro vilivyomo kwenye maboksi. Mchezo wa Jet Set Willy wa mwaka 1984 ulikuja na kadi yenye misimbo 180 ya rangi, na bila kadi huingii. Mashine za kutoa fotokopi za rangi zilikuwa adimu, ndiyo ilikuwa hesabu yao, lakini watu walikaa wakaichora upya kwa penseli za rangi. Ipigeni picha kwenye mwanga mzuri. Na mkikuta kipande cha plastiki chenye mistari kinachokunjika, hiyo ni Lenslok, kinga iliyotumika kwenye mchezo wa Elite wa Spectrum mwaka 1985. Mchezaji alikiweka mbele ya televisheni ili asome herufi mbili zilizovurugwa. Baadhi ya wateja waliuziwa boksi lenye lenzi isiyo ya mchezo huo, wakabaki na mchezo waliolipia bila kuweza kuuingia. Kinga inayomfungia nje aliyelipa haikustahili kutoka kiwandani, na sitabadili maneno. Kama lenzi imepotea, programu iitwayo LensKey inasoma herufi hizo.

Kuhusu sheria: Uingereza, kifungu cha 50A cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1988 kinamruhusu mtumiaji halali wa programu kujitengenezea nakala ya akiba anayoihitaji kwa matumizi yake halali. Kuipandisha kwenye intaneti au kuwagawia majirani ni jambo jingine. Mchezo kuwa mzee hakuufanyi kuwa mali ya umma, kwa kuwa hakimiliki ya huko hudumu miaka 70 baada ya mwandishi kufariki.

Na jambo la mwisho, ambalo ningelifanya la kwanza: chambueni kaseti zenye mwandiko wa mzee. Wengi wa rika lake walichapa programu zao wenyewe kwa lugha ya BASIC. Hizo hazina kinga, na hakuna mwingine duniani mwenye nakala. Vunjeni vile vijimeno viwili vya nyuma ya kaseti ili mtu asibonyeze kurekodi kwa bahati mbaya, kisha anzeni na hizo.

SWALI: Kaka fundi, nina kompyuta ya Commodore 64 na kisoma diski cha 1541. Diski za asili zikianza kupakia, kisoma diski kinagongagonga kwa kelele mpaka naogopa. Diski nilizonakili mwenyewe hazigongi, ila mchezo haukubali. Kimeharibika? — J., Toronto

JIBU: Hakijaharibika bado, J., lakini unaogopa kwa haki. Kisoma diski hiki hakina kihisi cha kukijulisha kwamba kichwa kimefika njia ya kwanza, yaani duara la kwanza la data kwenye diski. Kikikutana na kosa, hukirudisha kichwa nyuma mpaka kigonge kizuizi, kisha huanza kuhesabu upya. Watengenezaji waliweka makosa ya makusudi kwenye diski. Programu inakwenda kuyatafuta, na isipoyakuta inajua hiyo ni kopi. Nakala yako ni safi mno, ndiyo sababu inakataliwa! Kila ukaguzi ni kugonga tena, na kugonga kukizidi, kichwa huhama mahali pake.

Kwa hiyo diski ya asili ichezeshwe mara chache tu. Ziba pengo la pembeni kwa kibandiko ili isiandikike, unganisha 1541 kwenye kompyuta kwa kiunganishi cha ZoomFloppy pamoja na waya wa sambamba (parallel), na uisome kwa programu ya nibtools upate faili la G64. Faili la kawaida la D64 linabeba data ya sekta tu, na makosa yale yanapotea humo. G64 inabeba njia nzima jinsi ilivyo.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina kompyuta ya Sakhr ya MSX na katriji za michezo. Nilinakili moja kwenye diski, ikafunguka, halafu ikaganda. Kwa nini? — A., Muscat

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mashine za Sakhr za Al Alamiah ya Kuwait zilifuata MSX, kiwango cha pamoja cha kompyuta za nyumbani cha mwaka 1983, na katriji kwa kawaida inakaa kwenye anwani za kumbukumbu 4000 hadi BFFF (kwa hesabu ya heksadesimali). Baadhi ya michezo hujiandikia juu ya anwani zake yenyewe. Ndani ya ROM ya katriji, kumbukumbu isiyoandikika, hakuna kinachobadilika. Ukishaihamishia kwenye RAM, kumbukumbu inayoandikika, mchezo unajifuta ukiwa njiani.

Usiibadilishe programu. Safisha meno ya katriji kwa spiriti, isome kwa kifaa cha kusomea ROM, uhifadhi faili kama lilivyo, na uliendeshe kwenye openMSX, programu inayoigiza MSX, kama katriji, si kama programu ya diski. Fungua faili uangalie baiti mbili za mwanzo: katriji nyingi za kawaida huanza na herufi AB. Ukiona kitu kingine, ichomoe, isafishe tena, uisome upya.