Maswali na Majibu: Gharika ya Nuhu na Maji ya Ziwa Letu

Tangu mvua zianze, simu yangu imejaa maswali ya Nuhu. Nimechagua haya.

Mwalimu, shikamoo. Nimetumiwa video inayoonyesha safina imepatikana Uturuki. Ni kweli? (Igoma)

Marahaba. Si kweli. Ule mwinuko wenye umbo la jahazi ulianza kuvumishwa baada ya picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1959. Wanajiolojia waliokwenda kuuchunguza walikuta miamba na udongo wa asili. Nimeshalijibu hili mara nyingi, na bado kila wiki naletewa video ileile. Kabla ya kuisambaza, fungua Mwanzo 8:4. Imeandikwa "milima ya Ararati", yaani nchi ya milima, wala hakitajwi kilele kimoja.

Nuhu aliingiza wanyama wawili wawili au saba saba? (Nyakato)

Yote mawili yameandikwa: wawili katika 6:19, na saba saba kwa wanyama safi katika 7:2. Wataalamu wengi wa maandiko wanaona hapo masimulizi mawili ya kale yaliyosukwa pamoja kama ukili. Aliyeyasuka aliiona tofauti hiyo kabla yako wewe na mimi, akaiacha palepale. Mtu anayeandika kumbukumbu ya hali ya hewa angeirekebisha.

Mimi naamini kila neno la Biblia. Je, maji yalifunika dunia nzima mpaka juu ya milima? (Buhongwa)

Ndugu yangu, nami naamini, na nakujibu bila kuzunguka: sisomi hivyo. Mvuke wote ulio angani ukidondoka kwa mara moja na kusambaa duniani kote, kina chake hakifiki sentimita tatu. Kuufunika mlima Everest kunataka maji ya karibu kilomita tisa kwenda juu.

Lakini ya nini kwenda mbali? Askofu James Ussher wa Ireland, katika karne ya 17, alihesabu vizazi vya Biblia akaiweka gharika karibu mwaka 2350 KK. Sasa, watafiti wamezamisha mabomba chini ya Ziwa Victoria wakatoa tope lililolala huko tangu kabla ya zama hizo. Tope hilo linaonyesha kwamba ziwa liliwahi kukauka, likaanza kujaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Tangu hapo limekuwa ziwa la maji baridi, na hakuna tabaka la bahari lililopita katikati.

Halafu mtazame furu. Simama kwenye miamba ya Capri Point jioni, umwangalie mtoto anayevua kwa ndoana. Atakutolea furu mwenye mgongo mwekundu, kisha mwingine wa rangi ya bluu, wote wanaenea kiganjani. Mmoja wao wataalamu wamempa jina la Nyerere. Kuna mamia ya aina za furu wasiopatikana popote duniani isipokuwa ziwa hili, na maji ya chumvi yangewamaliza. Mungu aliyemuumba furu ndiye aliyevuvia kitabu cha Mwanzo. Hajipingi.

Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, alionya miaka 1,600 iliyopita kwamba Mkristo akisema yasiyo na msingi kuhusu anga na nchi mbele ya watu wanaojua, hawatamsadiki atakapowaeleza ufufuo. Naliona hilo hapa Mwanza. Vijana wanalazimishwa kuchagua kati ya mwalimu wa jiografia na mwalimu wa dini, na wengi wakishachagua hawarudi kanisani. Linaniuma sana, kwa sababu hakuna andiko linalowataka wachague.

Nimesikia kwamba Biblia iliiba habari ya Nuhu kwa wapagani. (Nyegezi)

Kuiba ni neno la mtu ambaye hajazisoma habari zote mbili. Ni kweli kwamba mwaka 1872 George Smith, akisoma vibao vya udongo vya Ninawi vilivyohifadhiwa London, alikuta habari ya mtu aitwaye Utnapishtim. Alijenga chombo, akakipaka lami, akapakia wanyama, kisha akaachia njiwa, mbayuwayu na kunguru. Ni habari ya nchi ya Hidekeli na Frati, mito iliyokuwa ikifurika na kuzoa vijiji, na Waisraeli waliisikia kama majirani wao wote.

Angalia sasa walichoifanyia. Katika simulizi jingine la Babeli, miungu inaleta gharika kwa sababu kelele za wanadamu zinaikosesha usingizi. Katika Mwanzo 6:11 sababu ni nyingine kabisa: "dunia ikajaa dhuluma." Mungu wa Nuhu anahuzunishwa na mwenye nguvu anayemwonea mnyonge. Hapo ndipo palipo na neno la Mungu, na hapo ndipo wahubiri wetu hawagusi. Watatumia saa nzima kupima mikono 300 ya safina, na neno dhuluma hulisikii mpaka baraka ya mwisho.

Sisi Waislamu tusome vipi? (Kirumba)

Muulize sheikh wako, kwani mimi si mwalimu wa tafsiri. Ninachojua ni kwamba Kurani inasema Nuhu alitumwa kwa kaumu yake, na jahazi likatulia juu ya Judi (11:44). Wapo wanazuoni waliosema maji yaliwapata watu wake tu, na wapo waliosema dunia nzima. Hapohapo yumo mtoto wa Nuhu aliyesema atapanda mlimani ajinusuru, na wimbi likapita kati yake na baba yake. Ukifika hapo, usiharakishe kufungua ukurasa.

Ziwa lilipopanda mwaka 2020, wengine walisema ni gharika ya pili. Wengine walisema Mungu aliahidi kwa upinde, hivyo tusihame. Nani sahihi? (Igombe)

Hakuna. Maji mengi ya ziwa hili hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi huondoka kwa jua. Yanayobaki hutokea Jinja kuingia Mto Nile. Mvua zikizidi kwa misimu kadhaa, ziwa hupanda. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, na wazee wa Ukerewe wanakumbuka. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Aliyekuuzia kiwanja ndani ya mita hizo amekudhulumu, na aliyekupigia muhuri pia. Hamisheni watoto kwanza.

Kaka yangu alizama Ukara. Msibani mhubiri alisema maji huchukua wenye dhambi kama siku za Nuhu. Mama bado analia kwa neno hilo. (Ukerewe)

Pole sana, dada yangu, na umpe mama pole yangu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza kidogo kufika Ukara, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 220 walikufa, wengi wao wakitoka gulioni na magunia yao. Kilichoizamisha ni uzito.

Msomee mama Luka 13:4. Yesu aliulizia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: je, walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Msomee taratibu, mara mbili, umtajie na jina la kaka yako. Na mhubiri yule akirudi hapo nyumbani, asomewe yeye pia.