Rafu ya Juu ya Waingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa baharia, na ndani ya sanduku lake tumekuta jarida la Kiingereza liitwalo Mayfair, lenye picha za wanawake walio utupu. Mjomba, aliyesoma Uingereza, alicheka akasema hilo ni jarida la rafu ya juu, na kwamba huko hata vichekesho vya televisheni huyatania majarida hayo. Utani huo una maana gani, na je, naweza kuliuza?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Mjomba wako amesema kweli. Kwa miaka mingi majarida ya aina hiyo yaliuzwa Uingereza katika duka lile lile la mtaani ambako watu hununua maziwa, sigara na gazeti la asubuhi, ila yaliwekwa kwenye rafu ya juu kabisa ili mtoto asiyafikie. Kinachochekesha, basi, si picha zenyewe, bali ni yule bwana mwenye heshima zake anayelazimika kunyoosha mkono mbele ya jirani, kisha akalifunika jarida kwa gazeti la siasa kabla ya kulipa.

Penthouse, ambalo wengi hulidhani la Kimarekani, lilizaliwa London mwaka 1965, ingawa mwanzilishi wake, Bob Guccione, alikuwa Mmarekani. Mayfair likafuata mwaka 1966. Men Only ni la zamani zaidi: lilianza mwaka 1935 likiwa kijarida cha mfukoni cha makala za wanaume, na liligeuka la picha za utupu baada ya kununuliwa mwaka 1971 na Paul Raymond, tajiri wa kumbi za burudani za Soho, mtaa wa starehe jijini London. Wakati huo gazeti la The Sun lilikwisha kuanza, Novemba 1970, kuchapa wasichana vifua wazi katika ukurasa wa 3, likaitoa aibu rafuni na kuileta kwenye meza ya chai. Intaneti ndiyo iliyokuja kuwapunguza wanunuzi.

Sisi wa Kusini, tuliopita jandoni na unyagoni, tunayajua mambo ambayo kila mtu mzima anayafahamu lakini hayatajwi sebuleni. Ila kungwi hufundisha, ilhali rafu ile, kwa maoni yangu, iliuza tu.

Kuhusu kuliuza, usithubutu: kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza biashara ya machapisho ya aina hiyo, hata kama yamerithiwa.