Mtoto hasubiri mnada: maswali yenu kuhusu fedha za uzazi wa kwanza

Barua za safari hii zimetoka Tandahimba, Mtwara mjini, Lindi na Nachingwea. Nyingi zinauliza jambo moja: mimba ya kwanza imeshaingia, fedha itoke wapi na ikae wapi. Tumejibu nne.

Mimi ni mkulima wa Tandahimba. Mke wangu ana mimba ya miezi minne, ya kwanza, na kliniki wamemwandikia makisio wiki ya tatu ya Agosti. Fedha ya korosho iliishia kwenye bati na madeni. Kuna mtu yuko tayari kunipa 300,000 sasa, nimlipe korosho Oktoba kwa hesabu ya 1,200 kwa kilo. Shambani nina ufuta ekari moja na nusu. Nichukue?

Usichukue. Laki tatu kwa 1,200 ni kilo 250. Bei ya mnada hupanda na kushuka: Oktoba 2024 minada ya mwanzo huku kwetu ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na ipo misimu iliyokuwa chini sana ya hapo. Tuseme mwaka huu bei ni mbaya, na baada ya makato yote unabaki na 2,200. Kilo zako 250 zingekupa 550,000. Kwa hiyo umekopa laki tatu na umelipa laki tano na nusu ndani ya miezi saba. Halafu biashara hiyo ya kuuza korosho kabla ya msimu, kangomba, ni marufuku, kwa hiyo akikupunja kwenye kipimo huna pa kwenda kulalamika.

Shida yako iko kwenye tarehe. Mtoto anakuja Agosti, minada ya korosho inaanza Oktoba, na fedha huingia benki baada ya mauzo, kwa awamu. Ufuta ndio unaouzwa Juni na Julai, kabla ya makisio. Hiyo ndiyo fedha ya uzazi, na mke na mume mkubaliane leo, kabla haujavunwa, kwamba haitagusa bati wala pikipiki.

Ukipata kilo 300 tu, na ukabaki na 2,500 kwa kilo, ni 750,000. Sisi tungeigawa hivi: 100,000 vifaa vya kujifungulia na nguo za mtoto, 250,000 dharura, 200,000 chakula cha Agosti hadi fedha ya kwanza ya korosho, 200,000 vibarua. Ufuta ukizaa kidogo, anza kupunguza nguo. Dharura iguswe mwisho.

Hilo fungu la vibarua ndilo familia nyingi hulisahau, na ndilo linalowaumiza. Korosho zinaanza kuanguka kwa wingi Septemba na Oktoba, na anayeziokota mara nyingi ni mama wa nyumba. Mwaka huu wakati huo atakuwa kwenye arobaini yake. Zikilala chini mpaka mvua za Novemba zikazikuta, zinaloa, zinashika ukungu, zinashuka daraja, na hasara inaweza kuzidi gharama yote ya uzazi. Tafuta waokotaji Julai, kabla kila shamba halijawataka, na mpatane malipo kwa debe au kwa kilo, si kwa siku. Mkeo usimkubalie aokote, hata akisema mwenyewe kwamba ana nguvu. Wiki za mwanzo mwili wake una kidonda, hata kama hakipo nje.

Mapema zaidi kuna upuliziaji wa mikorosho kwa salfa, ile dawa ya unga. Mjamzito asishike salfa wala asikae upande vumbi linakoelekea. Hata ukipata salfa ya ruzuku, mafuta ya mashine na ujira wa mpuliziaji ni vyako, na ufuta utakuwa haujauzwa. Fedha ikiwa haitoshi, anza na mikorosho inayozaa vizuri, iliyobaki ifuate. Hilo ni bora kuliko kupulizia shamba zima mara moja halafu uishie hapo.

Vifaa anzeni kununua kabla ya ufuta, lile fungu la 100,000 litamalizia vilivyobaki. Huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali kisera ni bila malipo, ila vifaa huweza kuisha kituoni, ndiyo maana wauguzi hutoa orodha. Iombeni kwenye hudhurio lijalo, maana kila kituo kina yake. Kwa kawaida utakuta glavu, pamba, kibanio cha kitovu, wembe mpya, mpira wa kutandika kitandani, beseni, sabuni, pedi na kanga kadhaa safi. Nunua kimoja kimoja kila wiki kwenye duka la dawa. Pakiti ya glavu au ya kibanio ikiwa imechanika, hata kidogo, usiichukue. Vyote viwe kwenye begi moja wiki ya 36 ya mimba, pamoja na kadi ya kliniki.

Kuhusu dharura: mjamzito akizidiwa, piga 115. Ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mkipewa rufaa kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, safari ya mgonjwa inashughulikiwa na m-mama, lakini nauli na chakula cha ndugu wanaomfuata, pamoja na dawa iliyokosekana dirishani, vitatoka kwenye ile 250,000. Ndugu wawili wa kuchangia damu wajulikane kwa majina kuanzia sasa. Fedha ikae kwenye simu au benki, na mkeo aijue namba ya siri, kwa sababu uchungu unaweza kumshika wewe uko shamba na mtandao hamna. Kuanzia wiki ya 36 muwe na 50,000 taslimu ndani.

Naendesha bodaboda ya mkataba hapa Mtwara mjini. Mke wangu ameajiriwa kwenye duka la jumla, ana mkataba na anakatwa NSSF. Anajifungua Desemba. Bosi wake amesema akiondoka hatalipwa. Tujiandae vipi?

Anza na haki yake, maana ni kubwa kuliko chochote utakachoweka kwenye kibubu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaweza kuianza wiki nne kabla ya makisio. Akirudi kazini, anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kumfukuza kwa sababu ya mimba ni kosa.

Wengi wanakwama kwenye taarifa. Mwajiri anatakiwa kuarifiwa angalau miezi mitatu kabla ya makisio, pamoja na cheti cha daktari. Kwa makisio ya Desemba, barua ifike Agosti, kabla ya Septemba kuanza. Iandikwe nakala mbili, moja ibaki na saini ya aliyeipokea na tarehe. Maneno ya mdomo hayatamsaidia akifika CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi. Baada ya hapo aende ofisi ya NSSF na namba yake ya uanachama, aulize kama michango imefikishwa kweli na kama anastahili fao la uzazi. Ni bora kujua Agosti kwamba michango haikuwasilishwa kuliko kujua akiwa amembeba mtoto.

Kwako wewe hakuna likizo, kwa hiyo siku utakazokaa hospitali lazima uzinunue mapema. Ukitenga 2,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 20 zinakupa 240,000. Itoe asubuhi kwenye abiria wa kwanza, siyo jioni kwenye kilichobaki, na uiweke kwenye laini ya simu usiyoitumia kwa miamala mingine. Usiwe unatoa kidogo kidogo, makato yataimaliza.

Mwenye pikipiki aambiwe sasa, mbele ya shahidi, kwamba wiki ya kujifungua hutapeleka hesabu na siku hizo zitasogezwa mwisho wa mkataba. Mwandikiane. Tunasisitiza hili kwa sababu pikipiki ikinyang'anywa Desemba, familia imepoteza kipato chako chote kwa deni la wiki moja.

Niko Lindi, ni mimba yangu ya kwanza. Mama mkwe ameshataja mbuzi, pilau na ngoma ya arobaini. Mume wangu anaona aibu kukataa. Fedha yote tuliyonayo haifiki 400,000.

Dada, furaha ya mama mkwe ni ya kweli na haifai kuvunjwa. Anayepaswa kuongea naye ni mwanawe, tena mapema na kwa heshima, akiwa na hesabu mkononi. Amweleze kwamba fedha iliyopo ni ya hospitali na ya chakula cha mzazi. Uji, samaki, mboga, mtama na karanga vya siku arobaini ni gharama halisi, na huwezi kunyonyesha ukiwa na njaa.

Akika, yaani kuchinja mbuzi kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, ni sunna kwa mwenye uwezo. Kwa kawaida ni mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, na isipowezekana siku ya saba huweza kusogezwa. Ongeeni na shehe wenu, mtaona hamlazimishwi kukopa. Ngoma na sare ni mila ya furaha, na zinaweza kusubiri fedha ya korosho. Mama akisema wageni watachangia, mwombeni michango ikusanywe kabla ya kupika. Familia huachwa na deni la mchele pale inaponunua kwanza na kungoja bahasha baadaye.

Kikoba chetu Nachingwea kinavunjwa Desemba, mimi najifungua Oktoba. Nikope kikoba au nichukue ule mkopo wa rejesho la kila wiki? Na maziwa ya kopo ninunue mangapi?

Kikoba kwanza. Soma katiba yenu: vingi vina mfuko wa jamii unaotoa kitu mwanachama akijifungua, na hiyo hairudishwi. Ukikopa, kopa kiasi ambacho hisa zako zinaweza kukilipa siku ya kuvunja, na uombe mapema ruhusa ya kutonunua hisa Oktoba na Novemba bila faini. Ule mkopo wa kila wiki, kausha damu, uache. Rejesho lake linaanza wiki inayofuata, wewe ukiwa kitandani, na wadai watafika mlangoni.

Maziwa ya kopo usinunue hata moja. Miezi sita ya mwanzo mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, isipokuwa mtaalamu wa afya akielekeza vingine. Chandarua ulizia kliniki hudhurio la kwanza, na chanjo hazilipiwi. Kitanda cha mtoto hakina haraka, na nguo nyingi ndogo atazikataa kwa ukubwa baada ya mwezi, kwa hiyo nunua saizi inayofuata. Ukijifungua salama, usiondoke kituoni bila kuulizia cheti cha kuzaliwa: usajili wa watoto chini ya miaka mitano hufanyika bila malipo kwenye vituo vya huduma ya mama na mtoto na ofisi za kata. Jina mliandike sawasawa, herufi kwa herufi, kama mtakavyolitumia shuleni.