Nikisimama pumzi hunikatika

SWALI: Nina umri wa miaka 34. Mwaka jana niliambiwa kwamba neva zinazoendesha mapigo ya moyo na shinikizo la damu bila hiari yangu zina hitilafu. Mapafu yamepigwa picha na hayana kasoro, na kifaa cha kidoleni husoma oksijeni 98, lakini nikisimama kuosha vyombo pumzi hunikatika na miguu huniishia nguvu. Ndugu zangu wanasema ninajidekeza. Je, nikianza kutumia kiti cha magurudumu nitazidi kudhoofika?

JIBU: Hujidekezi. Mtu anaposimama, damu isiyopungua nusu lita hushuka tumboni na miguuni. Neva zikiwa nzima hubana mishipa mara moja na kuirudisha juu. Zisipofanya hivyo damu hubaki chini, moyo huenda mbio kufidia, nawe huhema ilhali mapafu hayana tatizo. Wengi hapo hupumua harakaharaka, jambo linalopunguza damu inayofika kwenye ubongo na kuongeza kizunguzungu.

Kwa hiyo pumzi inapokatika, shughulikia damu kabla ya hewa. Keti, au lala na kuinua miguu. Pasipo na pa kuketi, pishanisha miguu, kaza mapaja na makalio, kisha toa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ule wa kuivuta. Asubuhi kunywa glasi mbili za maji ungali kitandani, keti ukingoni ukichezesha vifundo vya miguu, ndipo usimame. Vyombo vioshe ukiwa juu ya stuli, na nyingine iwekwe bafuni, kwa sababu maji ya moto hutanua mishipa na kumwangusha mtu ghafla.

Soksi za kubana zinazoishia magotini aghalabu hazifui dafu, kwa kuwa damu nyingi hukusanyika tumboni. Tafuta zinazofika kiunoni. Chumvi ya ziada huwasaidia baadhi ya wagonjwa, ila ni hatari kwa mwenye shinikizo la juu, ugonjwa wa moyo au wa figo, hivyo usiiongeze bila agizo la daktari wako.

Kiti cha magurudumu kitumie bila haya katika safari ambazo vinginevyo ungeziacha. Kinachodhoofisha ni kulala kutwa bila kuushughulisha mwili. Anza mazoezi ukiwa chali, ukiinua mguu mmoja baada ya mwingine kwa dakika tano tu, na ikiwa kesho yake huwezi kuamka, ujue ulizidisha. Kupata nafuu huchukua miezi, si majuma.

Ndugu zako waombe wakuhesabie mapigo ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama kwa dakika 10 huku mmoja wao akiwa tayari kukudaka. Kwa mtu mzima, ongezeko la mapigo 30 au zaidi kwa dakika, pasipo shinikizo kushuka, ni mojawapo ya vigezo ambavyo madaktari hutumia kutambua aina moja ya hitilafu hii. Nadhani hesabu hiyo itawanyamazisha kuliko maelezo yangu.

Lakini kifua kikibana, midomo ikigeuka buluu, ukizimia katikati ya mazoezi, au mguu mmoja ukivimba huku pumzi ikikatika, usijitibu nyumbani. Nenda hospitali mara moja.