Mfalme alipanga kula wapi usiku ule?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na kaka yangu tunabishana tangu Ijumaa, na tumewekeana sahani ya wali na mgebuka. Kwenye filamu iitwayo 300, mfalme Leonidas wa Sparta, Ugiriki, anawaambia askari wake wapige kifungua kinywa washibe, maana usiku watakula jehanamu. Mimi nasema anawaambia wataingia motoni. Kaka anasema mfalme hawezi kuwatakia watu wake moto. Nani alipe? Na kuna maneno mengine ya filamu yanayotaja chakula na pepo?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Filamu hiyo niliisikia kabla sijaiona. Ilipotoka, 2007, nilikuwa nasukuma chapati Ujiji, ubavuni mwa banda la video, na ukuta wenyewe ulikuwa magunia tu. Mtafsiri alipofika hapo akapaza sauti: "Leo usiku tunakula jehanamu!" Wavuvi mle ndani wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Na mboga gani?" Mwenzake akamjibu, "Zaqqum!" Hakukosea. Kurani, katika sura ya Ad-Dukhan, inasema mti huo ni chakula cha mwenye dhambi, na hutokota tumboni kama shaba iliyoyeyushwa. Chapati yangu ikaungua upande mmoja nikiwaza mfalme gani huyo anayewaalika watu zaqqum.

Kumbe kosa si la mfalme. Vita inayosimuliwa na filamu hiyo, ya Thermopylae, ilipiganwa mwaka 480 kabla ya Kristo, na Mgiriki wa siku hizo alipotaja Hades alikuwa na maana ya makao ya wafu, anakokwenda shujaa na anakokwenda mwoga. Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka 500 baadaye, anasimulia kwamba Leonidas aliwaambia askari wake wale chakula cha asubuhi kama watu ambao chakula chao cha jioni kiko huko. Waandishi wa filamu wakachukua neno la Kiingereza, hell, ambalo siku hizi masikio ya wengi husikia moto. Sisi tuna maneno mawili, kuzimu na jehanamu, na hata Biblia ya Kiswahili haiyachanganyi. Mtafsiri wetu angesema "usiku wa leo tutakula kuzimu," wavuvi wasingecheka. Anayeingia ziwani usiku analijua neno hilo.

Ya peponi? Ipo Karamu ya Babette, filamu ya Denmark ya 1987 iliyopata Oscar. Mpishi Mfaransa anakimbilia kijiji cha wacha Mungu, kwa dada wawili wasiojali ladha. Siku ya kwanza wanamfundisha kulowesha samaki mkavu na kupika uji wa mkate na bia. Tazama uso wake pale! Anaitikia tu, mpishi mkubwa wa Paris, kama bibi harusi anayefundishwa na mawifi kuosha dagaa. Miaka inapita, anashinda faranga 10,000 za bahati nasibu, na zote zinaishia kwenye karamu moja ya watu 12. Dada mmoja anamwambia sasa atabaki maskini maisha yake yote. Anajibu kwamba msanii hawi maskini kamwe. Mwishoni yule dada mwingine anamkumbatia na kumwambia kwamba huko peponi atawafurahisha malaika. Niliitazama kwenye simu ya binti yangu, nikamrudishia ikiwa imelowa.

Nyingine ni Field of Dreams ya 1989. Marehemu baba anamtokea mwanawe kwenye uwanja wa mchezo uliokatwa katikati ya shamba la mahindi, anauliza, "Hapa ni peponi?" Anajibiwa, "Ni Iowa." Iowa ni jimbo la Marekani, la mahindi kwelikweli, mwenyeji wa Kasulu atamwelewa.

Basi sahani utalipa wewe. Kaka yako hakuwa na hoja, alikuwa na imani tu na mfalme, lakini kapatia. Mgebuka ukaangwe kwa mawese, na kichwa apewe yeye.